Makro za AutoCAD Zinazosikiliza Matukio: Mwongozo Kamili kwa Ambaye Makro Yake Inanyamaza

Wengi wanaojaribu kuiagiza AutoCAD ifanye jambo fulani kila mchoro unapohifadhiwa au kufunguliwa hukwama mahali pamoja. Msimbo unakubaliwa bila kosa, makro inaendeshwa, kisha hakuna kinachotokea. Au inafanya kazi vizuri asubuhi na kufikia mchana imenyamaza. Mara nyingi msimbo wenyewe hauna kasoro yoyote. Makro ya kawaida huanza, hufanya kazi yake na kumalizika, lakini tukio halina saa maalumu ya kuja, kwa hiyo lazima awepo wa kulipokea wakati wote AutoCAD ikiwa wazi. Huyo nitamwita msikilizaji, na karibu kila hatua hapa chini inahusu jinsi ya kumuunda, kumuunganisha na kuhakikisha hafi kabla ya siku ya kazi kuisha.

Tutatengeneza daftari: faili ya maandishi inayopokea mstari mmoja kila mchoro unapofunguliwa au kuhifadhiwa, programu ya LISP (lugha nyingine ya kuandikia programu ndogo za AutoCAD) inapoanza au kukatizwa, na kibadiliko cha OSMODE kinapobadilishwa. OSMODE ni namba inayotunza machaguo ya osnap, yaani pointi ambazo kishale hunasa wakati wa kuchora. Nimechagua daftari kwa sababu haligusi mchoro wa mtu, hivyo ukikosea hapo mwanzo huharibu chochote.

## Vitu vinavyohitajika

- AutoCAD kamili ya Windows. AutoCAD LT na AutoCAD ya Mac hazina VBA, lugha tutakayoandikia makro hii, na hakuna ujanja wa kuzunguka hilo.
- Moduli ya VBA. Tangu AutoCAD 2010 haiji tena pamoja na programu. Hupakuliwa bure kwenye tovuti ya Autodesk na kusakinishwa peke yake. Mwaka wa moduli lazima ulingane na mwaka wa AutoCAD yako.
- Folda mbili tupu: `C:\Makro` ya kuwekea msimbo na `C:\Daftari` ya kuwekea kumbukumbu. Zitenganishe, kwa sababu nitakazozieleza katika hatua ya pili.
- Mchoro wa majaribio. Usijifunzie kwenye kazi ya mteja.

## Hatua ya 1: Hakikisha VBA ipo

Andika `VBAIDE` kwenye mstari wa amri, au bonyeza Alt na F11 kwa pamoja. Dirisha la kihariri likifunguka, hatua hii imekwisha. AutoCAD ikikuambia kwamba VBA haijasakinishwa, funga programu, sakinisha moduli ya mwaka wako, kisha ufungue upya.

## Hatua ya 2: Itambulishe folda ya makro

Kibadiliko cha SECURELOAD huamua kama AutoCAD itapakia msimbo kutoka popote au kutoka folda zinazoaminika tu. Kwa kawaida thamani yake ni 1, maana yake faili iliyo nje ya folda hizo hupakiwa baada tu ya onyo kujibiwa. Mtumiaji mwenye haraka hujibu vibaya, makro haipakiwi, na baadaye anakuja kulaumu msimbo.

Andika `OPTIONS`, nenda kwenye kichupo cha Files, tafuta Trusted Locations, na uongeze `C:\Makro`.

Onyo: usiweke SECURELOAD kuwa 0 ili kuepuka usumbufu, wala usiiamini folda inayopokea vitu vilivyopakuliwa mtandaoni. Virusi vya AutoCAD vinavyosambaa kwa faili za LISP ni jambo la kweli, na ofisi zinazopokea michoro kwa flashi kutoka kila upande ndizo zinazoumia zaidi. Ndiyo sababu ya folda mbili: ile inayoaminika ifungwe watumiaji wa kawaida wasiweze kuandika ndani yake, na ile ya kumbukumbu, ambayo lazima iandikwe kila dakika, isiwe na msimbo wowote.

## Hatua ya 3: Unda mradi ulio nje ya mchoro

Andika `VBAMAN`, bonyeza New, kisha Save as, na uuhifadhi mradi kwa jina la `C:\Makro\Matukio.dvb`.

Katika dirisha hilohilo kuna kitufe cha Embed ambacho huupachika mradi ndani ya mchoro. Usikibonyeze. Mradi uliopachikwa huishi na mchoro wake: mchoro ukifungwa, mradi unaondoka nao, na msikilizaji pia. Isitoshe, ndani ya mradi wa namna hiyo jina `ThisDrawing` humaanisha daima mchoro uliobeba mradi, ilhali katika mradi wa nje humaanisha mchoro ulio mbele yako wakati huo.

Hapa ndipo palipo na tofauti ya ngazi za matukio. Yapo matukio ya mchoro mmoja, ambayo hushughulikiwa ndani ya `ThisDrawing` bila maandalizi yoyote. Yapo ya kipengee kimoja, kwa mfano mstari uliorekebishwa. Na yapo ya programu nzima, ambayo hayana mahali pa kushughulikiwa mpaka ukatengeneze mwenyewe. Tunashughulika na haya ya mwisho.

## Hatua ya 4: Tengeneza moduli ya klasi

Ndani ya kihariri, uteue mradi wako upande wa kushoto, fungua menyu ya Insert na uchague Class Module. Bonyeza F4 na ubadilishe jina la moduli liwe `clsMatukio`. Andika mistari hii miwili juu kabisa:

```
Option Explicit
Public WithEvents Programu As AcadApplication
```

Neno `WithEvents` ndilo linalofungua masikio. Linakubalika ndani ya moduli ya klasi, fomu au `ThisDrawing` tu. Aliyeliandika katika moduli ya kawaida hupata kosa la utungaji papo hapo, na hilo ni kosa zuri kwa sababu halijifichi.

Utajua umefaulu ukifungua orodha iliyo juu kushoto ya dirisha la msimbo na kulikuta jina `Programu` limejitokeza.

## Hatua ya 5: Andika taratibu za matukio

Chagua `Programu` katika orodha ya kushoto, kisha tukio unalolitaka katika orodha ya kulia. Kihariri kitakuandikia mstari wa kwanza na wa mwisho. Kikikuandikia pia tukio ambalo hukuliomba, lifute.

Usiandike majina hayo kwa mkono. VBA hutambua utaratibu wa tukio kwa jina lake: jina la kibadiliko, alama ya `_`, kisha jina la tukio. Ukiandika `Programu_EndSaved` badala ya `Programu_EndSave`, VBA huuchukulia kuwa utaratibu wako wa kawaida usioitwa na yeyote. Hakuna kosa litakalotokea, wala hakuna kitakachoandikwa, na unaweza kupoteza alasiri nzima ukikagua sehemu nyingine.

```
Private Sub Programu_EndOpen(ByVal FileName As String)
    Andika "UMEFUNGULIWA", FileName
End Sub

Private Sub Programu_EndSave(ByVal FileName As String)
    If LCase$(Right$(FileName, 4)) <> ".dwg" Then Exit Sub
    Andika "UMEHIFADHIWA", FileName
End Sub

Private Sub Programu_BeginLisp(ByVal FirstLine As String)
    Andika "LISP IMEANZA", FirstLine
End Sub

Private Sub Programu_LispCancelled()
    Andika "LISP IMEKATIZWA", ""
End Sub

Private Sub Programu_SysVarChanged(ByVal SysvarName As String, _
                                   ByVal newVal As Variant)
    If UCase$(SysvarName) = "OSMODE" Then
        Andika "OSMODE", CStr(newVal)
    End If
End Sub

Private Sub Andika(ByVal Tukio As String, ByVal Maelezo As String)
    Dim n As Integer
    On Error GoTo Mwisho
    n = FreeFile
    Open "C:\Daftari\" & Environ$("COMPUTERNAME") & ".txt" _
        For Append As #n
    Print #n, Format$(Now, "yyyy-mm-dd hh:nn:ss") & vbTab & _
        Tukio & vbTab & Maelezo
Mwisho:
    Close #n
End Sub
```

Mambo manne yanahitaji maelezo.

Kwanza, kichujio cha `.dwg` kipo ili hifadhi ya otomatiki, ambayo faili zake huishia na `.sv$`, isijaze daftari mistari isiyo na maana.

Pili, tunatumia jina la faili linaloletwa na tukio lenyewe, si `ThisDrawing.FullName`. Wakati tukio linapofika huna uhakika kwamba mchoro ulio mbele ndio uliolisababisha, hasa kwa mtu aliyefungua michoro kadhaa kwa mkupuo.

Tatu, kila kompyuta ina faili yake. Ofisi ikiamua kuweka kumbukumbu kwenye seva, kompyuta mbili zisigombanie faili moja kwa sekunde ileile, maana mmoja atakosa nafasi na mstari wake utapotea kimya.

Nne, na hili ndilo zito, ule mstari wa `On Error GoTo Mwisho` si pambo. Folda ikifutwa au diski ikijaa, bila mstari huo VBA itaonyesha kisanduku cha kosa chenye vitufe vya End na Debug. Mchoraji asiyejua VBA atabonyeza End, kwa kuwa anataka kisanduku kiondoke aendelee na kazi yake, na End hufuta vibadiliko vyote vya mradi. Msikilizaji amekufa hapo, ilhali AutoCAD inaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Makro nyingi zinazosemekana zimenyamaza bila sababu zilinyamazishwa na kitufe hicho.

## Hatua ya 6: Mzae msikilizaji mahali ambapo hatakufa

Rudi kwenye menyu ya Insert, safari hii uchague Module, uipe jina la `modAnza`, kisha uandike:

```
Option Explicit
Public Msikilizaji As clsMatukio

Public Sub AnzaKusikiliza()
    Set Msikilizaji = New clsMatukio
    Set Msikilizaji.Programu = ThisDrawing.Application
End Sub

Public Sub AchaKusikiliza()
    Set Msikilizaji = Nothing
End Sub

Public Sub Yupo()
    If Msikilizaji Is Nothing Then
        MsgBox "Msikilizaji hayupo."
    Else
        MsgBox "Msikilizaji yupo kazini."
    End If
End Sub
```

Angalia mahali `Msikilizaji` alipotangazwa: juu ya moduli, nje ya taratibu zote. Kama ungemtangaza kwa `Dim` ndani ya `AnzaKusikiliza`, angezaliwa, angeunganishwa, na angefutwa mara tu `End Sub` inapofikiwa, kabla hata hujaondoa kidole kwenye kipanya. Nikiletewa msimbo usiofanya kazi, sehemu ya kwanza ninayoitazama ni hiyo.

Mifano mingi hutumia `As New` wakati wa kutangaza. Mimi siitumii. Kibadiliko kilichotangazwa hivyo hujizalisha upya kila kinapoguswa, kwa hiyo swali la `Is Nothing` haliwezi kupata jibu la kweli: unaambiwa msikilizaji yupo, kumbe ndiyo kwanza amezaliwa na hajaunganishwa na chochote.

Tena, mistari miwili ya `Set` inafanya kazi mbili tofauti. Wa kwanza unamuunda msikilizaji. Wa pili unamuunganisha na AutoCAD. Ukiusahau wa pili, unaye msikilizaji mwenye masikio lakini aliyekaa chumba kingine.

## Hatua ya 7: Jaribu

Hifadhi mradi kwa kitufe cha kuhifadhi kilichomo ndani ya kihariri. Kuhifadhi mchoro hakuhifadhi faili ya `.dvb`. Kisha rudi AutoCAD, andika `VBARUN`, na uendeshe `AnzaKusikiliza`. Hakuna kitakachoonekana, na ndivyo inavyotakiwa.

Sasa hifadhi mchoro wa majaribio. Andika `OSMODE` kwenye mstari wa amri, uipe thamani ya 0, kisha uirudishe 4133. Fungua faili iliyomo ndani ya `C:\Daftari`. Unatarajia mistari ya namna hii:

```
2025-03-11 10:42:07   UMEHIFADHIWA   C:\Michoro\jaribio.dwg
2025-03-11 10:42:31   OSMODE         0
2025-03-11 10:42:40   OSMODE         4133
```

Thamani ya 4133 ni jumla ya 1, 4, 32 na 4096, yaani ncha, kitovu, makutano na mwendelezo wa mstari. Ukiona siku moja thamani iliyoongezewa 16384, kwa mfano 20517, jua kwamba osnap zimezimwa kwa muda huku machaguo yake yakibaki. Ndivyo kitufe cha F3 kinavyofanya kazi. Sifuri tupu ni jambo jingine, kwa sababu machaguo yenyewe yamefutwa.

Tofauti hiyo ndogo ilinisaidia katika ofisi moja ya upimaji ardhi ambako mchoraji alilalamika kwamba osnap zinajizima, na wenzake walishaamua kwamba anabonyeza F3 bila kujua. Tulimwekea daftari. Siku ya pili mistari mitatu ilikuwa imefuatana ndani ya sekunde chache: `LISP IMEANZA (C:BIKONI)`, kisha `OSMODE 0`, kisha `LISP IMEKATIZWA`. Programu ndogo ya kuchora bikoni ilikuwa inafuta osnap mwanzoni ili ichore bila kunasa pointi za jirani, na kuzirudisha mwishoni. Akibonyeza Esc katikati, ule mwisho haufikiwi. Hakuwa amegusa F3 hata mara moja.

## Hatua ya 8: Yasiyoruhusiwa ndani ya utaratibu wa tukio

Daftari likishafanya kazi, kishawishi cha kuongeza mengine huja haraka. Kabla hujaongeza, zingatia mipaka hii.

Usimuulize mtumiaji chochote. Amri za kuomba pointi, kuchagua vitu au kuonyesha kisanduku hazifai humo, kwa sababu AutoCAD yenyewe iko katikati ya kazi. Hata `MsgBox` ya kujaribia iache, tumia `Debug.Print`, na matokeo uyasome katika dirisha linalofunguka kwa Ctrl na G ndani ya kihariri. Kumbuka pia kwamba matukio hayarushwi wakati AutoCAD inaonyesha kisanduku kinachosubiri jibu.

Usitegemee mpangilio wa matukio. Kwamba leo tukio fulani limetangulia jingine si ahadi kwamba kesho itakuwa hivyo.

Usikibadilishe kipengee kilekile kilichorusha tukio. Unaweza kuandika kwenye vipengee vingine vya mchoro, lakini si hicho.

Usisababishe tukio unalolishughulikia. Ukiweka OSMODE ndani ya `SysVarChanged`, umeibadilisha OSMODE, na tukio linarudi, nawe unaiweka tena, mpaka AutoCAD inakwama. Kama ni lazima kabisa, weka kizuizi juu ya moduli ya klasi:

```
Private Ninarekebisha As Boolean
```

na ndani ya utaratibu:

```
If Ninarekebisha Then Exit Sub
Ninarekebisha = True
ThisDrawing.SetVariable "OSMODE", CInt(4133)
Ninarekebisha = False
```

`CInt` ipo kwa sababu `SetVariable` hudai aina ileile ya data ambayo kibadiliko kinaitaka. Hata hivyo, kwa OSMODE mahususi sikushauri ufanye hivi. Programu nyingi za LISP huiweka sifuri kwa makusudi na kuirudisha zenyewe. Ukiwahi kuirudisha katikati ya kazi yao, mistari itaanza kunasa pointi zisizo zake, na utakuwa umeiponya osnap kwa kuharibu mchoro. Andika tu kwenye daftari, kisha urekebishe LISP yenyewe.

## Hatua ya 9: Ianze yenyewe kila asubuhi

Msikilizaji huishi mpaka AutoCAD ifungwe. Asipozaliwa upya kila inapofunguliwa, kazi yote iliyotangulia inategemea mtu kukumbuka `VBARUN`, na watu hawakumbuki. Tengeneza faili ya `acad.lsp` katika folda mojawapo ya zile zilizoorodheshwa chini ya Support File Search Path, nayo iwe pia ni folda inayoaminika, kisha uandike:

```
(vl-load-com)
(defun S::STARTUP ()
  (vl-vbaload "C:/Makro/Matukio.dvb")
  (vl-vbarun "AnzaKusikiliza")
  (princ)
)
```

Mikwaju ya njia ya faili imeelekea mbele kwa makusudi, kwani katika LISP mkwaju wa nyuma una kazi nyingine. Kama `S::STARTUP` tayari ipo kwenye kompyuta hiyo, usiiandike mara ya pili. Ongeza mistari miwili ya katikati ndani ya ile iliyopo, la sivyo moja itaifuta nyingine.

Tumia `acad.lsp`, si `acaddoc.lsp`. Ya kwanza hupakiwa mara moja tu AutoCAD inapofunguka, mradi kibadiliko cha ACADLSPASDOC kiwe 0. Ya pili hupakiwa kwa kila mchoro, na mradi uliokwishapakiwa ukiitwa tena huleta kosa.

Funga AutoCAD, ifungue, endesha `Yupo`. Ukijibiwa kwamba msikilizaji yupo kazini bila wewe kuendesha chochote kabla, umemaliza ufungaji.

## Ikinyamaza tena

Anza daima na `Yupo`. Ikisema hayupo, tafuta kilichomuua: kitufe cha End kwenye kisanduku cha kosa, kitufe cha Reset ndani ya kihariri, neno `End` lililosimama peke yake mahali fulani katika msimbo, au wewe mwenyewe ulipokuwa unarekebisha msimbo. Hilo la mwisho huwapata hata wazoefu: kihariri huuliza kama uko tayari mradi uanzishwe upya, unakubali kwa mazoea, na vibadiliko vyote vinafutwa. Baada ya kila marekebisho, endesha `AnzaKusikiliza`.

Ikisema yupo lakini daftari halipokei chochote, weka `Debug.Print FileName` kama mstari wa kwanza ndani ya `Programu_EndSave` na uhifadhi mchoro. Jina la faili likitokea, tatizo liko kwenye kuandika: folda haipo, au huna ruhusa nayo. Lisipotokea, linganisha jina la utaratibu na lile lililomo kwenye orodha ya kulia, herufi kwa herufi, kisha uhakikishe mstari wa pili wa `Set` haujafutwa.

Kila tukio likiandikwa mara mbili, kuna miradi miwili inayosikiliza kwa pamoja, kwa kawaida nakala ya zamani iliyopachikwa ndani ya mchoro. `VBAMAN` itakuonyesha miradi yote iliyopakiwa na mchoro uliobeba nakala hiyo; itoe kwa kitufe cha Extract, kisha uhifadhi mchoro.